Brooklyn Tech: jengo moja, wanafunzi karibu 6,000, na kazi inayobaki kwa mzazi

Brooklyn Technical High School ni shule ya sekondari ya serikali jijini New York. Haina ada, haina bweni, na haina mahojiano ambayo mzazi angeweza kwenda kujieleza. Aliyesoma Ilboru au Alliance asiipime kwa kipimo hicho, kwa maana hapa mtoto anatoka nyumbani asubuhi kwa treni na jioni anarudi kula kwenu. Inayofanana ni njia ya kuingia: mtihani mmoja, na alama ndiyo inayosema. Baba mwenye cheo na mama anayesafisha ofisi usiku wanasimama mstari mmoja, angalau kwenye karatasi.

Ipo namba 29 Fort Greene Place, Brooklyn, mkabala na bustani ya Fort Greene. Ilianzishwa 1922, ikahamia jengo la sasa 1933, na wasichana hawakuruhusiwa kuingia hadi 1970. Wanafunzi ni karibu 6,000. Stuyvesant, shule nyingine ya mtihani jijini, ambayo ndiyo wazazi wengi huitaja kwanza, ina kama 3,300. Ukubwa huo ndio utakaoamua kama shule itamfaa mwanao au itammeza, na mengi yanayosemwa hapa chini, mazuri kwa mabaya, yanatoka kwenye namba hiyo moja.

Tuanze na faida ya ukubwa huo. Shule ndogo haiwezi kuweka walimu na vyumba kwa ajili ya watoto 60 wanaotaka uhandisi wa anga. Hii inaweza. Ina michepuo zaidi ya 15: uhandisi wa anga, usanifu majengo, uhandisi wa ujenzi, mekatroniki na roboti, uhandisi wa programu za kompyuta, ubunifu wa bidhaa za viwandani, kemia, biolojia, fizikia, hisabati, sayansi ya mazingira, na pia mingine ambayo mtu hategemei kuikuta kwenye shule yenye neno "Technical" kwenye jina: fedha, sheria na jamii, habari na utangazaji, utafiti wa sayansi ya jamii. Jengo lenyewe lilichorwa kwa ajili ya kazi za mikono. Zamani ghorofa ya saba ilikuwa na karakana ya kuyeyushia chuma. Ukumbi mkubwa una viti zaidi ya 3,000, na hata hivyo shule nzima haienei humo kwa mkupuo mmoja.

Mchepuo hauchaguliwi siku ya kuingia. Hapo ndipo familia nyingi zinapoelewa vibaya. Darasa la tisa na la kumi, yaani miaka miwili ya kwanza ya sekondari, wote wanasoma masomo ya msingi yanayofanana, pamoja na somo ambalo ni alama ya shule hii, Design and Drafting for Production, ambalo watoto wanaliita DDP. Ni uchoraji wa kiufundi, wa mkono na wa kompyuta: mtoto anajifunza kuonyesha kitu kimoja kwa mbele, kwa juu na kwa ubavu, kuandika vipimo, kisha kukijenga. Mtoto aliyezoea kufaulu kwa kukariri hujikuta anahangaika hapa, kwa sababu mstari uliokosea kipimo hautetewi kwa maelezo. Akiwa darasa la kumi anapanga michepuo anayoitaka kwa mpangilio, na kuanzia darasa la kumi na moja anaingia kwenye mmoja, anaosoma kwa miaka miwili, kwa kawaida kwa vipindi viwili mfululizo ili muda wa maabara au karakana utoshe.

Sasa angalia kinachofuata. Mchepuo unaopendwa na wengi hauna nafasi ya kila mtu, na alama za miaka miwili ya kwanza ndizo zinazotumika kupanga nani anapata nini. Mtoto aliyepumzika darasa la tisa, akisema "nimeshaingia Tech, nimemaliza kazi," ndiye anayeangukia chaguo lake la nne. Si kwamba chaguo la nne ni baya. Ni kwamba vipindi vingi vya miaka miwili ya mwisho vitatumika kwenye kitu ambacho hakukitaka, wakati shule ya kawaida karibu na nyumbani ingemwachia masomo ya hiari zaidi. Kwa hiyo kabla ya kuiweka shule hii juu ya orodha, mkalishe mtoto, mpe ile orodha ya michepuo, aonyeshe mitatu ambayo angefurahia kila mmoja. Akionyesha mmoja tu, tena ule wa programu za kompyuta ambao kila mtu anaukimbilia, mzungumze tena.

Jambo jingine dogo la kuweka sawa: mchepuo si cheti cha kazi. Mtoto hatoki hapo fundi sanifu. Anatoka na stashahada ya sekondari kama wengine, pamoja na mazoea ya kufanya kazi ya kiufundi ambayo wenzake chuoni wataanza kujifunza wakiwa na miaka 18. Faida hiyo ni kubwa, lakini usiiuze kwa ndugu wa nyumbani kama kitu kingine.

Mtihani wa kuingilia unaitwa SHSAT, na shule nane za jiji zinautumia: Brooklyn Tech, Stuyvesant, Bronx Science, Brooklyn Latin, Staten Island Tech, na tatu ndogo zilizo ndani au jirani ya vyuo, City College, Lehman na York. LaGuardia, shule ya tisa ya kundi hili, ni ya sanaa na haitumii mtihani huo: ina njia yake ya majaribio ya kuimba, kucheza, kuchora na kadhalika. Sheria ya jimbo ya 1971, Hecht-Calandra, ndiyo iliyolazimisha mtihani kuwa kigezo pekee katika Stuyvesant, Bronx Science na Brooklyn Tech, ndiyo maana meya akitaka kuubadilisha hapo hawezi peke yake. Lazima bunge la jimbo, Albany, likubali. Meya de Blasio alijaribu 2018, akashindwa.

Kwa muundo uliotumika hadi vuli ya 2025, mtihani una maswali 114 kwa dakika 180: 57 ya Kiingereza, 57 ya hesabu. Ukigawanya, ni kama sekunde 95 kwa swali. Katika kila sehemu maswali 10 ni ya majaribio, hayahesabiwi, ila mtoto hawezi kujua ni yapi. Kikokotoo hakiruhusiwi. Katika hesabu, maswali 5 hayana majibu ya kuchagua. Mtoto anaandika jibu mwenyewe. Jibu baya halipunguzi alama, kwa hiyo swali lililoachwa tupu ni zawadi uliyoikataa. Muda haujagawanywa baina ya sehemu mbili: mtoto ndiye anayeamua ataanza na ipi na ataipa dakika ngapi, na wengi wanaozama hapa wanazama kwa kutumia dakika 110 kwenye vifungu vya kusoma, kisha hesabu wanaifanya wanakimbia.

Tangu vuli ya 2025 mtihani unafanywa kwenye kompyuta. Karatasi imebaki kwa wenye mahitaji maalumu tu. Na mpango uliotangazwa ni kwamba kuanzia vuli ya 2026 kompyuta itakuwa inabadilisha ugumu wa swali linalofuata kulingana na jinsi mtoto anavyojibu. Kwa hiyo vitabu vya mazoezi vya miaka ya nyuma bado vinafaa kwa maswali yenyewe, lakini ushauri wao wa mbinu, hasa ule wa "ruka lililo gumu, utalirudia," usiubebe mpaka usome maelekezo rasmi ya mwaka wa mwanao. Idara ya elimu ya jiji hutoa kijitabu na mitihani ya mazoezi bure. Anza na hivyo kabla hujatoa pesa kwenye madarasa ya twisheni, na mazoezi yafanyike kwenye skrini, na karatasi ya kukokotolea pembeni. Mtoto aliyezoea kupigia mstari maneno kwenye kitabu hupoteza mwendo akiwekewa kioo.

Watoto waliokuja karibuni kutoka Goma, Nairobi au Unguja hesabu kwa kawaida haiwatishi. Wameshapigishwa sehemu, uwiano na asilimia bila kikokotoo hadi wamechoka. Kinachowaangusha ni sehemu ya Kiingereza inayoitwa revising and editing: kurekebisha sentensi, kuchagua kiunganishi, kuamua sentensi gani iondolewe kwenye aya. Si sarufi ya kukariri majina ya nyakati. Ni sikio la lugha, na sikio halijengwi kwa wiki sita za Septemba na Oktoba. Kama mtoto yuko darasa la sita au la saba, dawa ni kusoma habari na makala za Kiingereza kila siku, na kumwambia akueleze kwa Kiswahili mwandishi alikuwa anadai nini. Anayeweza kufanya hivyo ameelewa. Mtoto anayehesabiwa shuleni kama mwanafunzi anayejifunza Kiingereza huongezewa muda. Lakini hali hiyo lazima iwe imeandikwa kwenye kumbukumbu za shule, na walio shule binafsi wanatakiwa kuomba mapema. Siku ya mtihani hakuna wa kumwomba.

Alama zinazotolewa si idadi ya maswali uliyopata. Zinapitishwa kwenye mizani, na kwenye mitihani iliyopita mizani hiyo haikuwa imenyooka: kupanda kutoka maswali 44 sahihi hadi 46 katika sehemu moja kumekuwa kukiongeza alama nyingi kuliko kupanda kutoka 30 hadi 32. Maana yake, mtoto aliye mkali sana wa hesabu alinufaika kuikamilisha hesabu kuliko kugawa nguvu sawasawa. Alama ya kuingilia Brooklyn Tech haitangazwi mapema, kwa sababu inatokana na nafasi zilizopo na waliofanya mwaka huo. Kwa miaka ya karibuni imezunguka 490 hadi 510, chini ya Stuyvesant kwa mbali. Wanaofanya mtihani ni kama 26,000 kwa mwaka. Wanaopata shule yoyote kati ya zile nane ni kama 4,000, na Brooklyn Tech peke yake inachukua karibu theluthi moja ya hao. Kwa familia nyingi, kusema kweli, huu ndio mlango mpana kuliko yote.

Usajili unapita kwenye tovuti ya MySchools. Akaunti inahitaji msimbo kutoka shule ya sasa ya mtoto; uombe Septemba, usingoje. Usajili hufungwa Oktoba, mtihani ni vuli, majibu ni Machi. Wanaoweza kufanya ni wakazi wa jiji walio darasa la nane, au la tisa kwa mara ya kwanza. Kitambulisho cha uhamiaji hakiulizwi. Karatasi za idara hutafsiriwa kwa lugha kadhaa, Kifaransa na Kiarabu zikiwemo, jambo linalowasaidia baadhi ya Wakongo na waliopita Uarabuni. Kiswahili hukikuti humo. Lakini mzazi ana haki ya mkalimani wa simu bila malipo. Ukipiga simu shuleni au ofisi ya idara, sema neno moja tu, "Swahili, please," kisha subiri. Usimtumie mtoto kuwa mkalimani kwenye mambo ya shule yake mwenyewe. Kila mzazi anajua kwa nini.

Kupanga shule kwa mpangilio kunawachanganya hata Wamarekani. Kompyuta inaanza na mwenye alama ya juu kuliko wote, inampa shule ya kwanza kwenye orodha yake yenye nafasi, inashuka kwa wa pili, na kuendelea hivyo. Basi. Kuiweka Stuyvesant ya kwanza hakumpunguzii mtoto nafasi ya Brooklyn Tech iliyo ya pili. Vilevile, mtoto mwenye alama 570 aliyeiweka Brooklyn Tech juu atapelekwa Brooklyn Tech hata kama angeweza kwenda Stuyvesant, wala hataulizwa tena. Kwa hiyo andika mnavyopenda kweli, na shule ambayo mtoto hawezi kufika, mathalani Staten Island Tech kwa anayekaa kaskazini ya Bronx, usiiandike kabisa.

Kuna mlango wa pembeni ambao familia za wahamiaji zingepaswa kuujua kuliko yeyote, nao hutajwa kidogo mno. Unaitwa Discovery. Sehemu ya nafasi, hadi asilimia 20, huwekwa kwa watoto waliokosa alama ya kuingilia kwa kidogo lakini wanatoka familia ya kipato cha chini, au wanalelewa na walezi wa serikali, au wanaishi kwenye makazi ya muda, au wanajifunza Kiingereza na wameingia jijini ndani ya miaka minne iliyopita. Pamoja na hilo, shule ya kati wanayosoma lazima iwe kati ya zile ambazo jiji linazihesabu kuwa na umaskini mkubwa. Anayechaguliwa anahudhuria masomo ya kiangazi na lazima ayamalize. Akikatisha katikati kwa sababu ya safari ya Mombasa, nafasi imekwenda. Kama mwanao ana hata harufu ya kustahili, tiketi za Julai zisinunuliwe kabla ya majibu.

Ndani ya jengo, maisha ya kila siku yana ugumu wake. Mkataba wa walimu uliruhusu hadi wanafunzi 34 kwa darasa la sekondari. Sheria ya jimbo ya 2022 inataka washushwe hadi 25 ifikapo 2028, na kwa shule iliyojaa hivi hiyo ni hesabu ngumu: ama vyumba vipatikane, ama nafasi zipungue. Anayeingia miaka hii afuatilie, maana inaweza kugusa hata alama ya kuingilia. Mshauri wa wanafunzi ana mamia ya watoto. Atamsaidia anayekuja na swali lililoandikwa: nataka kubadilisha somo hili, nimeshazungumza na mwalimu fulani, tarehe ya mwisho ni lini. Anayekuja na "sijui nifanyeje" atasikilizwa pia, ila foleni ni ndefu. Mfundishe mtoto kuandika barua pepe fupi yenye jina kamili, darasa, na ombi moja. Utashangaa jinsi inavyofungua milango.

Wingi huo huo una tamu yake. Vikundi vya wanafunzi ni zaidi ya 100, na mtoto wa Kiswahili ambaye kwenye shule ndogo angekuwa peke yake, hapa atapata wa kuswali naye, wa kucheza naye soka, wa kujenga naye roboti. Kuna programu ya utafiti, Weston Research Scholars, kwa wanaotaka kufanya kazi ya kisayansi ya muda mrefu. Inaombwa, hailetwi mezani. Na chama cha waliosoma hapo kina mfuko wake unaosaidia vifaa na programu, jambo ambalo shule nyingi za serikali zinalisikia tu. Mmoja wa waliomaliza, 1951, ni Arno Penzias, aliyeletwa Marekani mtoto mdogo akikimbia Ujerumani ya Hitler, na 1978 akapata Nobeli ya fizikia. Wakimbizi wamepita hapo kabla yetu.

Weusi ni wachache, na mzazi aambiwe hivyo mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 karibu nusu ya wanafunzi wa Brooklyn Tech walikuwa Weusi. Mwaka 2025, kati ya nafasi zote zilizotolewa na shule nane, zilizokwenda kwa watoto Weusi zilikuwa kama 3 katika kila 100. Brooklyn Tech, kwa ukubwa wake, ina Weusi wengi kwa idadi kuliko Stuyvesant, ambako mwaka huo walipata nafasi 8 tu. Kwa mtoto anayejali jambo hili, na wengi wanajali hata wasipolisema, tofauti hiyo ni sababu halali ya kuiweka Tech juu.

Usafiri ni rahisi. Kituo cha DeKalb Avenue zinasimama treni za B, Q na R. Nevins Street 2, 3, 4 na 5. Lafayette Avenue C. Fulton Street G. Kadi ya nauli ya mwanafunzi, OMNY, inampa safari nne kwa siku, siku zote saba, mwaka mzima, kwa hiyo mazoezi ya Jumamosi hayana nauli. Anayetoka Bronx ahesabu zaidi ya saa moja kwenda, na ajaribu njia hiyo asubuhi ya siku ya kazi, si Jumapili. Simu janja zimepigwa marufuku na jimbo tangu Septemba 2025, kuanzia kengele ya kwanza hadi ya mwisho, hivyo panga mapema jinsi mtoto atakavyokutafuta treni zikikwama.

Kama mtoto anataka shule kubwa yenye michepuo lakini mtihani wa siku moja si nguvu yake, iangalie Midwood, Brooklyn hukohuko: ina programu za sayansi ya tiba na za sanaa na jamii, na wanaangalia alama za darasani. Iweke kwenye ombi la kawaida la MySchools hata kama mna uhakika na Tech, kwa sababu shule za SHSAT hazina orodha ya kusubiri. Machi jina likikosekana, limekosekana. Kinachobaki ni kurudia mtihani darasa la tisa, kwa nafasi chache mno za kuingilia la kumi.